Choroa Uliyemfutia Waya

Mdogo wangu Musallam,

Salamu kutoka jangwani. Hatuna habari ila kheri. Mbuzi wamezaa, na mama amekuwekea samli.

Hiyo ilikuwa kheri ya kabla ya kahawa, kama desturi yetu: habari za kweli hungoja kahawa inywewe. Sasa kahawa imenyweka, nikwambie yaliyopo.

Nimeiona picha yako iliyoshinda tuzo huko Maskati. Choroa, swala wetu wa pembe ndefu, mweupe kama maziwa, mchanga wa zambarau, na mwezi ambao siku ile haukuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako ukiipiga! Waya wa mtego ulikuwa umemkata mguu hadi mfupani. Waya umeufuta. Hata nzi umewafuta.

Nilipokupigia simu ulicheka: "Dada nawe! Hiyo ni sanaa, si ripoti ya polisi." Ukakata. Sanaa gani hiyo, Musallam? Mnyama yule alikufa jioni ile ile, wewe umeshaondoka na kamera yako.

Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akatabasamu: "Kumbe alipona?"

Njoo umjibu mwenyewe, baada ya kahawa.

Dada yako,
Tuful