Nyumba Sitini na Tatu Ambamo Hakuna Mtoto Aliyekufa

Kakuma Mjini,
Turkana.
4 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Akai,

Ejok. Ejok noi. Habari ya Naivasha, habari ya ile baridi ya asubuhi, habari ya mikono yako? Mama aliniambia ngozi inapasuka sana ukiwa kwa kazi ya maua. Pakaa mafuta kabla ya kulala, usichoke kupakaa. Stephen anaendelea aje na shule? Na Akoru bado anakataa kula maharagwe? Na yule mdogo Ekal, nasikia sasa anaongea Kiswahili cha huko mpaka anacheka cha kwetu.

Mimi ni mzima, ila mgongo. Pikipiki na barabara za huku zimeupiga. Mama pia ni mzima, macho tu ndiyo yanapungua. Akiona mtu kwa mbali anauliza kama ni mmoja au ni wawili. Nyumbani Kalemng'orok ilinyesha siku moja, laga, ule mto wetu mkavu, ikajaa mchana mzima, kesho yake ikawa mchanga tena kama vile tuliota.

Wiki jana nilipita Lodwar. Jua lilikuwa kali, na ile lami mbele yangu ilikuwa inang'aa kama maji. Ndani ya hayo maji niliona watu wanatembea, wadogo, miguu haigusi chini. Nikapunguza mwendo ili wapite. Nilipofika hapakuwa na mtu. Sasa naona hivyo mara nyingi, Akai, na sio malaria. Ndio maana nimeshika kalamu.

Nimekupigia simu mara tano tangu Januari. Kila mara ukishika nakuuliza mbuzi wangapi wamebaki kwa Mama, na wewe uko Naivasha, utajuaje mbuzi? Ulicheka. Mimi sikuwa na shida na mbuzi. Nilikuwa na neno na lilikataa kutoka.

Unakumbuka mwaka 2021 nilikuja nyumbani na ile kazi ya mradi ya kuhesabu watu. Nilipewa nyumba sitini na tatu, kutoka barabarani mpaka kule chini ya mlima. Kila mama nilitakiwa kumwuliza mambo matatu: umezaa wangapi, wangapi wako hai, wangapi hawako. Huku kwetu nani ana cheti cha kuzaliwa? Nani anaandika siku mtoto amezikwa? Kwa hivyo ofisi inakisia kutoka kwa akina mama. Wakijua wangapi walizaliwa na wangapi walienda, na umri wa mama, hata kama ni wa kukadiria tu kwa mwaka wa njaa fulani au mwaka lami ilipofika, wanaweza kujua watu wanaongezeka kwa kasi gani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa yako, kabla hujahamia Naivasha. Ulinipa chai. Nilisoma swali la kwanza, wewe ukaniangalia tu. Mimi nikainama nikajiandikia: amezaa watatu, wako hai watatu, waliokufa sifuri. Nikakuambia nimemaliza. Ukasema, "Haya." Ukachukua kikombe.

Akai, ulizaa wanne. Najua ni wanne. Nilimbeba Akuwam wiki ile alizaliwa, upepo ukiwa unataka kung'oa nyumba.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Nyumba ya pili mama aliangalia chini, nikaandika sifuri. Nyumba ya tatu sikuuliza hata. Nilijiambia ni heshima, kwamba Mama alitufundisha mwanamke hahesabiwi watoto wake mbele ya macho yake. Lakini haikuwa heshima. Kama ningemwuliza mwingine, ningejua nimekuruka wewe. Nyumba sitini na tatu, sifuri sitini na tatu. Mwandiko wangu ni mzuri, hakuna mtu aliuliza kitu.

Sasa kuna mtu hapa Kakuma anaitwa Dut. Ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa mwalimu wa hesabu ndani ya kambi, na mradi ulimchukua akague makaratasi yetu ya 2021, yaliyokuwa yamelala miaka yote hiyo, atoe makosa. Ni mtu mrefu, anaongea polepole, akila ugali anakata vipande vyote sawasawa. Mwezi wa kwanza aliniita mezani kwake. Akasema amepata sehemu moja ambayo watu wanaongezeka karibu asilimia tano kila mwaka. Akanichorea: miaka kumi na tano, watu mara mbili. Miaka thelathini, mara nne. Miaka sitini, mara kumi na sita. Mimi nilikuwa naangalia tu ile kalamu, na niliwaona hao watu kweli, wamejaa kutoka kwa mlima mpaka barabarani, wamesimama bega kwa bega bila maji, hakuna hata mmoja anazikwa.

Halafu akaniuliza, bila kelele, "Lotiir, huko kwenu watoto hawafi?"

Nilitaka kucheka. Nikamwambia hali ya hewa ya huko ni nzuri. Akasema basi atahamisha mama yake kesho. Lakini hakuwa anacheka, na mimi pia nikaacha.

Akanionyesha kitu kingine. Mradi ulikuwa unatafuta mahali pa kujenga kliniki ya watoto. Wanaangalia ile karatasi, wanaanza na pale watoto wanakufa sana. Sisi tulikuwa mwisho kabisa. Kalemng'orok yetu, dada, kwa makaratasi ndiyo mahali salama kuliko pote Turkana.

Dut alisema kuna njia mbili. Anaweza kutupa nyumba zangu zote na kukisia kutoka kwa majirani wa Lokichar, na hesabu haitakosea sana. Nikamwambia afanye hivyo. Aliniangalia akasema, "Sawa. Lakini watakuwa watoto wa majirani."

Nikachukua likizo, nikarudi nyumbani.

Siku ya kwanza nilifukuzwa. Ya pili mama mmoja aliniuliza kama serikali inataka kununua makaburi. Siku ya tatu nilifika kwa bibi Namuar, yule wa karibu na kisima, na sasa amezeeka anaongea kama amelala. Akaniambia nitoe hayo maswali mdomoni. Nilete mawe madogo, niweke chini, halafu nigeuke.

"Geuka, uangalie mlima," alisema. "Ukiniangalia usoni sina mtoto hata mmoja."

Basi hiyo ndiyo kazi nimefanya majuma matatu. Naweka mawe mbele ya mama, nageuka. Nyuma yangu nasikia jiwe linawekwa, kimya, lingine. Upepo unapita. Mara nyingine inachukua muda mpaka nasahau niko wapi, nahisi kama nimekaa hapo tangu nizaliwe na mlima ndio unasogea. Akimaliza anakohoa. Nageuka, mawe yako pande mbili, walio hai na walioenda. Naandika. Bibi Namuar mwenyewe aliweka sita upande huu na tano upande ule. Miaka yote tulikuwa tunamwita mama wa watoto sita.

Nyumba sitini na mbili zimeisha. Dut ameziweka, na ile asilimia tano imeshuka, imekuwa karibu na tatu. Anasema tatu ni hesabu ya watu. Bado si kamili, kuna waliohama, kuna mama waliokufa na mawe yao, lakini anasema makisio ya mtu mkweli yanatosha kujengea kliniki.

Imebaki yako.

Sasa nifike pale nilikuwa naogopa. Ile siku ya Akuwam, mwaka 2018, ulipokuja kwangu na yeye mgongoni, anaharisha, macho yameingia ndani, ukaniomba nikupeleke Lokichar kwa pikipiki. Nilikuambia mafuta yameisha. Hayakuwa yameisha. Kulikuwa na mpira Lokichar, timu ya kanisa letu, na nilikuwa nimeahidi kubeba kipa. Nilijiambia mtoto wa kuharisha anapona na chai ya rangi na chumvi. Nilipita njia ya nyuma ili usisikie. Nilipita mbele ya hospitali yenyewe, Akai. Tulishinda mbili kwa moja. Niliporudi walikuwa wanachimba.

Jumapili iliyopita nilimwambia Mama haya yote. Nilifikiri atanipiga. Alikoroga uji wake mpaka ukapoa. Halafu akasema, "Akai anajua. Alikuwa amekaa barabarani na mtoto akingoja lori. Alikuona ukipita."

Nilipita watu kwa kivuli cha mti siku hiyo, nakumbuka, sikuwaangalia, kuna watu kila siku kwa kivuli. Kwa hivyo miaka saba umenijua. Ukanipa chai. Ukaniangalia nikiandika watatu, ukasema haya. Sikuletei habari mpya. Nimekuandikia tu ili safari hii mimi ndiye niseme.

Sikuombi usahau. Kama utanisamehe ni kazi yako na Mungu, na chukua muda unaotaka, hata kama ni maisha yangu yote.

Naomba kitu kimoja tu. Dut anafunga makaratasi tarehe ishirini na nane mwezi huu. Nilimwambia mimi najua hesabu ya dada yangu, niandike tu. Akakataa. Ni mama mwenyewe anasema, sio mwingine, zaidi sio mimi. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Huhitaji kuongea na mimi. Yeye hatakuuliza jina wala ilikuwaje. Atakuuliza wangapi, atangoja. Ni mtu anajua kungoja. Yeye pia ana watoto wawili walibaki njiani kutoka kwao Bor.

Na kama hutaki kumpigia, sawa, hakuna mtu atakulazimisha. Mstari wako utabaki mtupu, na nimemwambia Dut asijaze kitu. Mtupu ni haki yako. Sifuri ilikuwa uwongo wangu.

Barua hii anakuletea katekista Ekuwam, anapitia Kitale kwenda mkutano Nakuru, halafu atafika huko kwako. Mpe chai, ni mtu mzuri ila anaongea sana. Hajui kilichoandikwa.

Nisalimie shemeji, umwambie redio yake bado iko kwa Mama na bado inaongea. Salimia Stephen, umwambie asome hesabu. Salimia Akoru na Ekal. Mama anakusalimia sana, anauliza utakuja lini akuone kabla macho hayajaisha. Bibi Namuar pia anasalimu, amenituma nikuambie hajakuuliza kitu, anakusalimu tu.

Mungu akulinde na baridi, alinde mikono yako, awalinde watoto wako wanne, hawa watatu huko na yule mmoja huku kwetu.

Mimi ndugu yako ninayekupenda, na niliyekukosea,

Lotiir