Niru Haingoji Kesho

Mwalimu Nzioka,

Tangi halivuji.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuitikia salamu. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, tangi limejaa hadi juu, na mwalimu mkuu wa ile shule ya msingi nje ya Kibwezi alinipigia simu kuniambia. Alisema tangu jua litoke amelizunguka mara mbili akipapasa ukuta, na kiganja chake kimebaki kikavu. Nikamwomba alizunguke mara ya tatu. Unanijua.

Sasa nikusalimu vizuri. Ni Mutheu, karani wa ofisi ya langoni hapa kituo cha kurekebisha vijana, yule uliyemkuta siku yake ya kwanza kazini amejifungia mlango kwa ndani. Nilikuwa nimesomea utunzaji wa kumbukumbu kwa miaka miwili na nikapita vizuri. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kumbukumbu zenyewe zitakuwa za vijana waliofungiwa kwa wizi na kupigana, wala kwamba watapita dirishani kwangu kila asubuhi wakiniamkia kwa adabu kuliko watu wa kanisani kwetu. Ulibisha hodi. Nikauliza ni nani. Ukasema, "Ni mzee tu, hata kukimbia siwezi."

Nilipofungua, ulikuwa umeshika pima maji. Hukuniuliza kwa nini nimejifungia. Uliiweka juu ya meza yangu, ukatazama kile kiputo kikikimbilia upande mmoja, ukasema, "Karani, meza yako imelala. Kalamu zako zinatoroka kila siku na hujaandika ripoti." Ukachonga kipande cha mbao, ukakisukuma chini ya mguu wa meza. Bado kipo. Ninaandika juu ya meza hiyo sasa, na kalamu inakaa pale ninapoiweka.

Halafu ukaenda nyumbani Migwani kwa likizo ya wiki moja. Ukatoka kanisani Jumapili, ukala, ukalala, hukuamka.

Vijana hawakuruhusiwa kuja kukuzika. Walinituma na ile timazi yako, wameisugua mpaka inang'aa, nikampa mkeo, Mama Mwikali, mkononi. Nilitakiwa pia kusema maneno mawili kwa niaba ya ofisi. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Nilisimama, nikaona watu walivyo wengi, nikaketi. Nisamehe, Mwalimu. Barua hii ndiyo yale maneno. Yamechelewa, na njiani yameongezeka.

Uliacha tangi limefika nusu. Kuta zilikuwa zimesimama, paa limefunikwa, ule mlango mdogo wa juu umeachwa. Kilichobaki ni ndani: plasta, na juu ya plasta niru, ule uji wa saruji tupu unaozuia maji yasipite. Ulikuwa umekwisha kupanga kila kitu. Vijana tisa wangefanyia mtihani wao wa ufundi palepale, kwenye kazi halisi, mbele ya mtahini kutoka nje. Ulikataa wajengewe ukuta wa mazoezi uani ubomolewe jioni. Ulisema, "Mtu akijenga kitu cha kubomolewa, anajifunza kubomoa."

Lakini ili vijana watoke langoni kuna ile fomu, na chini ya fomu kuna ule mstari: jina na sahihi ya atakayewajibika endapo kijana hatarudi. Miaka yote jina lilikuwa lako. Ulipokufa, mstari ukabaki mtupu. Mwalimu mwingine alikuwa hajaletwa. Afande Muthoka alisema yeye amebakisha miaka miwili astaafu na hatastaafu akiwa mahakamani. Wengine walisema vijana wangoje mtihani ujao.

Kwa wanane kungoja kungekuwa hasara tu. Kwa Kyalo kungekuwa zaidi. Unakumbuka kwamba muda wake ulikuwa unaisha kabla ya mtihani huo mwingine. Angetoka mikono mitupu na kurudi sokoni kwa wale wale waliokuwa wakimpa simu za wizi abebe. Na ni Kyalo huyo huyo aliyeruka ua mwezi wake wa kwanza, akakamatwa njia panda akila mahindi ya kuchoma. Kwa hiyo kila mtu aliyeiangalia ile fomu aliliona jina lake kwanza, akairudisha mezani kwangu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kanuni zinasema sahihi yaweza kuwa ya afisa yeyote aliyeajiriwa na kituo. Zinasema hivyo katika ukurasa ambao ni mimi peke yangu niliyeusoma, kwa sababu ni mimi peke yangu ninayesoma kanuni. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Nilinyamaza siku nne.

Siku ya tano Kyalo alikuwa zamu ya kufagia ofisi. Akafagia, akafagia tena mahali palepale. Akasema, "Madam, ile fomu bado?"

Nikamjibu bado.

"Sawa," akasema. Kisha, akiwa mlangoni: "Si unaona, Madam, Mwalimu alituambia ndani ya tangi ndiko kazi iliko. Nje ni ya kuonyesha wageni."

Nilikuwaza wewe, na siku ile nilipotakiwa kushuhudia karatasi ya vifaa mbele ya mkuu wa kituo na mkono ukanitetemeka hadi kalamu ikagonga meza. Uliniinamia ukasema polepole, "Mwiitu wakwa, kutetemeka si kitu. Bora jina lisomeke." Uliniita hivyo, binti yangu, mbele ya wakubwa, nami nikaandika.

Nikatia sahihi. Jina lilisomeka.

Ungekuwepo, Mwalimu. Tulifika shuleni asubuhi, wale akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana, walikuwa wamekwisha kuchota mchanga kutoka mtoni na kuurundika. Wanafanya kazi kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na siku hiyo ilikuwa zamu ya shule. Vijana waliposhuka kwenye lori, wamevaa sare zao, akina mama wakaacha kazi. Halafu yule bibi mfupi wanayemwita Susu akaweka karai chini, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Hawa ndio wezi? Mbona wamekonda hivi? Wanaiba nini, upepo?"

Mpaka askari walicheka.

Mtahini alikuwa mama mmoja mkimya mwenye miwani. Hakusema lolote la maana siku nzima, ila "endelea". Vijana waliingia tangini kwa zamu, watatu watatu, kila mmoja na sehemu yake. Mimi nilikaa kivulini na daftari nikawahesabu. Niliwahesabu kila robo saa. Susu aliniona, akaja kuketi kando yangu, akaniuliza kama ni wanangu. Nikasema hapana, mimi ni karani. Akasema, "Basi unawahesabu kama kuku."

Saa kumi injini ya lori ikawashwa. Nikawahesabu mlangoni mwa lori. Wanane.

Nikahesabu tena, nikiwagusa begani. Wanane. Kyalo hakuwepo.

Afande Muthoka hakunigombeza. Aliwaamuru askari wamtafute. Askari mmoja akakimbilia chooni, mwingine barabarani. Mimi nilisimama nikiwa naona ile fomu kana kwamba iko mbele ya macho yangu, na jina langu safi kabisa, linasomeka hata kwa mbali. Nilimwaza mama yangu kule Nuu, aliyenisomesha kwa mbuzi zake, na jinsi nitakavyoanza kumweleza. Mmoja wa wale vijana wanane alikuwa analia.

Nilikwenda kwenye tangi kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Niliegemea ukuta wako. Nikasikia kitu ndani. Kwaruu. Kimya. Kwaruu. Sauti ya mwiko wa chuma ukisugua kitu kibichi.

Nikapanda ngazi, mimi ninayeogopa hata kiti, nikaingiza kichwa kwenye ule mlango mdogo. "Kyalo?"

"Naam, Madam."

"Unafanya nini huko?"

"Niru." Alisema kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Plasta ya huku chini ilichelewa kushika. Nikiiacha mpaka kesho, niru haitashikana nayo. Mwalimu alisema niru haingoji kesho."

Afande Muthoka alikuwa amepanda nyuma yangu. Akanisogeza, akaingiza kichwa chake chote na kofia, akanguruma, na tangi likamrudishia sauti yake mara tatu. Aliponyamaza, Kyalo akamjibu kwa heshima sana: "Afande, tafadhali usiingie. Ni mbichi, utaacha nyayo."

Nilikaa pale juu ya ngazi nikacheka mpaka nikalia. Sikuweza kushuka.

Hata hivyo Kyalo hakutoka, Mwalimu. Alisema imebaki sakafu na ile pembe ya chini ambayo wewe ulikuwa unaiviringisha kwa chupa ili maji yasipate pa kupenya. Afande alimtazama mtahini. Mtahini alitazama saa yake, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akasema, "Aendelee." Dereva akazima lori. Akina mama wakarudi na makarai yao bila kuitwa. Na Afande Muthoka, anayestaafu baada ya miaka miwili, akavua koti la sare, akalikunja vizuri, akaanza kukoroga saruji. Alikuwa anaikoroga nyepesi mno. Kutoka ndani tukasikia, "Afande, hiyo ni chai. Ongeza." Na Afande akaongeza.

Kyalo alitoka amegeuka kijivu kuanzia nywele hadi kucha, macho tu ndiyo yanaonekana. Susu akasema, "Sasa huyu hata mama yake akimpita njiani hatamjua. Mleteni ale." Tulitaka kuondoka, lakini akina mama walisimama mbele ya lori. Aliyefanya kazi ya mwethya haondoki na njaa, wakasema, awe mwizi au askari. Tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, sote, sinia moja kwa watu watano. Nilikula kutoka sinia moja na vijana niliokuwa nikiwafungia mlango. Kyalo alinisogezea maharagwe upande wangu. Nilimwambia asinitishe tena namna ile. Akasema, "Nilidhani unajua niko wapi, Madam. Ningeenda wapi na kazi haijaisha?"

Wote tisa walipita. Hati zimefika, nami ndiye niliyezipokea na kuziandika daftarini, na sijawahi kuandika vizuri hivyo. Kyalo alitoka mwezi uliofuata. Yuko Kibwezi na fundi mmoja anayejenga matangi, ambaye hakumuuliza alifunzwa wapi. Alimpa mwiko akamwangalia kwa saa moja, akamwambia arudi kesho. Afande Muthoka anatuambia sote kwamba yeye pia ni fundi sasa.

Kuna jambo moja la mwisho. Mvua ilipojaza tangi, nilitumiwa chupa ya maji yake ya kwanza. Vijana walikuwa wamemwomba mwalimu mkuu anitumie kwa ajili yako, hata kabla hatujaondoka pale. Jumamosi niliipeleka Migwani. Tulikuja kwanza kaburini kwako, mimi na Mama Mwikali, nikadhani ataimwaga pale. Alikaa akaitazama ile chupa, akasema wewe hukuwahi kumwaga maji maishani mwako, hata ya kunawia. Akaingia jikoni akapika chai. Ilikuwa na ladha ya saruji. Tulikunywa yote, hadi masalio, na alicheka, Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Kwa hiyo lala bila wasiwasi. Mwalimu mpya ameletwa, kijana kutoka Kitui mjini, mtu mzuri, lakini hajathibitishwa kazini na anaogopa. Jana aliweka fomu ya kundi linalofuata mezani kwangu na kuniuliza ni nani hutia sahihi hapa chini. Nimemkopesha pima maji yako apime meza yake kwanza.

Nami nakuahidi hivi: kila kundi litakalokuwa tayari, nitakuwa ule mstari wa chini. Nitawahesabu kama kuku, nitapungukiwa na mmoja, na kabla ya kupiga kelele nitakwenda kusikiliza ukutani.

Fomu ya kundi hili nimeitia sahihi asubuhi ya leo. Mkono umetetemeka kama kawaida. Jina linasomeka.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Mwiitu waku,
Mutheu