Goli Letu la Kwanza Lilipigwa Nje ya Mstari, na Mpigaji ni Mimi

Mpendwa Mama Praxeda,

Naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana Jumapili hii wenzangu wananiandalia keki na mimi sistahili hata kipande.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, Mnyarwanda niliyekulia Karagwe, naishi Niboye, Kigali, na kazi yangu ni kupima macho ya watu kwenye kliniki ndogo hapa Remera, na hilo nakuambia mapema ili usije ukanitetea kwamba labda sikuona vizuri. Niliona vizuri sana.

Mimi pia ni kapteni wa timu ya hoki ya akina mama, ule mpira wa magongo, timu yetu inaitwa Inkoni za Niboye, na najua umeshaanza kucheka lakini nivumilie, tuko kumi na nne, wengi tumepita arobaini, na mkubwa wetu ni Kankindi, mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na tisa ambaye goti moja analifunga bandeji na la pili analiombea, na katika miaka miwili tangu tuanze hatujawahi kushinda mechi hata moja, Mama, hata ile ambayo wapinzani walikuja pungufu wachezaji watatu tulifungwa, lakini tunapendana kiasi kwamba kila Jumamosi mtu anaacha nguo kwenye beseni anakuja mazoezini.

Basi mwisho wa mwezi uliopita kulikuwa na mashindano ya siku mbili ya klabu za mitaani, na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mechi zilianza mchana, tukatoka kuzibua mitaro na majirani tukaenda moja kwa moja uwanjani, Kankindi akiwa bado na matope kwenye buti, mechi ya kwanza tukafungwa sita bila, tukacheka, tukala chapati za Nasimiyu, huyo ni Mkenya wetu anayecheza mbele na kupika kutushinda wote, Jumapili asubuhi tukatoka sare bila kufungana na wasichana wa chuo wenye mapafu mapya, tukaimba kama tumechukua kombe, na alasiri ikabaki mechi moja tu, ya kuamua nani awe wa mwisho kabisa, sisi au Nyota za Remera.

Sasa kipa wa Nyota ni Aidah, na hapo ndipo roho yangu inaponiuma. Aidah ni jirani yangu, na miaka miwili iliyopita nilipokuwa nimejifungia ndani baada ya kumzika mama yangu, silali, sili, yeye ndiye aliyenigongea mlango akaniambia, "Yewe Jovia, toka inje, shika hii," akaniwekea mkononi gongo lake la zamani lenye utepe wa buluu, akaniburuta hadi uwanjani, na nikikuambia kwamba mchezo huu ulinirudishia usingizi usidhani natia chumvi. Gongo hilo ndilo ninalochezea hadi leo.

Dakika za mwisho zikafika bado bila bila, nikapata mpira, mabeki wawili wakanijia kwa kasi, nikaogopa, nikaupiga kwa nguvu zangu zote kuelekea golini, na hapa lazima nikueleze sheria yetu, mbele ya kila goli kuna nusu duara iliyochorwa kwa chaki, na goli linahesabiwa tu kama mshambuliaji ameugusa mpira ndani ya hiyo nusu duara, ukipiga kutoka nje na mwenzako asiuguse ndani, umepiga bure. Mimi nilikuwa nje. Hatua mbili nzima, chaki naiona mbele ya kiatu changu, na Aidah naye aliiona, maana ana miaka tisa golini, akausogeza pembeni mguu wake wenye pedi akaupisha mpira kama mtu anavyompisha mgeni mlangoni, kwa sababu alijua hauna maana.

Filimbi ikalia, goli.

Kwetu hatuna marefa wa kuajiriwa, klabu isiyocheza ndiyo inayotoa marefa, na wa upande ule alikuwa Bayingana, katoka kucheza mechi yake muda huo huo, bado anahema, nusu chungwa mkononi, na watu walikuwa wamemziba asione. Aidah akavua kofia yake ya kipa akamkimbilia akipiga kelele, "Mpira iko ya inje! Mimi nimeuacha makusudi, iko ya inje!" Bayingana akakuna kichwa, akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Kapteni, sema kweli. Umepigia ndani ao inje?"

Mama Praxeda, niliinama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa. Niliifungua ili nipate kuifunga.

Nilipoinuka wenzangu walikuwa wameshanivamia wakinipigia kelele za "Twatsinze! Twatsinze!", yaani tumeshinda, na Bayingana alishanyoosha mikono kuelekea katikati ya uwanja, goli limekubaliwa, na furaha iliyofuata sijawahi kuiona, Nasimiyu alilia mpaka kamasi, Kankindi aliinua mikono juu akacheza kama bibi harusi na bandeji ikamfunguka ikawa inamfuata nyuma, tukapanda moto, pikipiki za abiria, kumi na nne kwa mfuatano mpaka makutano ya Sonatubes tukiimba, madereva wanapiga honi, dereva wangu akaniuliza, "Mama, mumeshinda nini?" nikamjibu tumeshinda kutokuwa wa mwisho, akasema, "Eh! Hiyo iko kubwa!" Nilifurahi, Mama, sitakudanganya, nilifurahi kwa moyo wangu wote.

Aidah sasa wanamwita Mlango Wazi. Kwenye kundi lao la simu wamemwekea picha ya geti lisilo na komeo, kocha wake amesema mechi ijayo atakaa benchi, na wote wanaamini alisinzia akatafuta kisingizio. Juzi tu nilikutana naye Sonatubes, wote tunasubiri moto, nikajua sasa ananitukana, yeye akaniangalia akaniuliza, "Gongo bado iko sawa?" Nikamwambia iko sawa. Akavaa helmeti akaenda.

Nikisema ukweli nitawapokonya akina mama kumi na tatu ushindi wao wa kwanza, Kankindi ameshawasimulia kanisa zima, Nasimiyu ameshaoka keki na ataiandika 1–0 kwa sukari nyekundu, nami natakiwa kuikata kama mfungaji. Nikinyamaza, Aidah anabaki Mlango Wazi. Nifanye nini? Namba yangu ya simu nimeiweka chini, na majina usiyafiche, nimechoka kuficha.

Jovia, Niboye

*

Jovia mwanangu,

Umesema niharakishe, nami nimeharakisha. Jibu hili nakusomea kwa simu leo Alhamisi, kisha litatoka gazetini Jumatatu na majina yote, kama ulivyotaka mwenyewe. Kwa hiyo una Jumamosi na Jumapili. Baada ya hapo Kigali nzima itakuwa imekutangulia kusema.

Kwanza pole na msiba wa mama. Pili hongereni. Barua yako niliisoma na chai mkononi, nilipofika kwenye bandeji ya Kankindi chai ikaishia kwenye kitenge. Wanawake wanaofungwa miaka miwili na bado wanaacha nguo kwenye beseni, hao nawavulia kilemba.

Haya, pole zimekwisha. Sasa kaa vizuri.

Mimi hoki siijui. Nilimwita jirani yangu Munyaneza, aliyefundisha michezo shuleni miaka mingi, akanipangia vikombe mezani na punje ya mahindi ikawa mpira. Nikamsomea kisa chako. Akasema refa akishaamua na mechi ikaisha, matokeo yameandikwa na hayafutwi, hata ukaape mahakamani. Umesikia? Huwezi kumpokonya Kankindi kitu hata ukitaka. Kisingizio chako kikubwa nimekitoa, tafuta kingine.

Hutakipata. Maana wewe huna kosa la goli, Jovia. Mtu akifukuzwa na mabeki wawili anapiga popote, na refa mwenye chungwa mkononi anakosea. Kosa lako ni kamba ya kiatu. Uliulizwa swali la neno moja, mbele ya mtu aliyekutoa kwenye kilio chako akakuburuta juani, ukainama. Kutwa unawauliza watu wanaona herufi gani ukutani na unataka wakuambie kweli, wewe ukaulizwa chaki ya upana wa kiganja ukatafuta kazi chini! Aibu, mwanangu. Nakuambia hivyo kwa sababu nakupenda, na kwa sababu unajua.

Na hili la "akina mama kumi na tatu" liache. Huwalindi wao. Unalinda ile dakika waliyokubeba juu. Nakuelewa, ilikuwa dakika tamu, hata mimi ningeitaka. Lakini dakika hiyo inalipiwa na Aidah kila anapofungua simu yake.

Sasa nikuonyeshe ulichoandika mwenyewe bila kukiona. Aidah amechekwa, amebandikwa jina, amewekwa benchi, na anajua kabisa kwamba wewe unajua. Gongo unalochezea ni lake. Mtu aliyekwisha kukukatia tamaa angelidai gongo lake siku ile ile, tena mbele ya watu. Yeye kakukuta Sonatubes akakuuliza kama bado liko sawa. Unadhani aliulizia mti? Alikufungulia mlango ili upite, ukamjibu habari za mti. Huyo rafiki bado anakungoja, Jovia, na sijui atangoja mpaka lini.

Fanya hivi. Jumamosi asubuhi, kabla ya mazoezi, nenda kwa Aidah kwa miguu yako. Usipige simu, usimrekodie sauti, usimtume Nasimiyu na chapati. Chukua gongo. Akifungua, mwambie: "Nilipigia nje, hatua mbili, na nilijua." Halafu nyamaza. Usimtaje Kankindi, usimtaje refa, usilie kabla yake ili akubembeleze wewe. Akikasirika, kaa ukasirikiwe. Akilitaka gongo, mpe na ushukuru. Kisha palepale, akiwa anasikia, mpigie kocha wake umwambie hayo hayo, kwamba kipa wake hakusinzia, kwamba uwanja mzima yeye ndiye aliyeijua sheria na kuifuata. Na muombe radhi Bayingana pia, maana maskini alikuuliza kistaarabu.

Jumapili, kabla kisu hakijagusa keki, simama uwaambie wenzako. Watanuna. Kankindi huenda akanuna zaidi ya wote, na ana haki. Ila mama aliyeanza kukimbizana na magongo akiwa na miaka hamsini na saba haangushwi na mstari wa chaki. Mpe siku mbili. Halafu waombeni Nyota mechi ya kirafiki, Aidah akae golini, na umpige goli la ndani kama unaliweza.

Keki isitupwe, ni dhambi. Soma tena barua yako: Jumapili asubuhi mlitoka sare na wasichana wa chuo ambao wangeweza kuwa mabinti zenu, bila goli, bila mgogoro, kila chaki mahali pake, na mkaimba. Hilo ndilo lenu, halali toka mwanzo hadi mwisho, na hamkulisherehekea vya kutosha. Mwambie Nasimiyu aifute ile moja ya sukari aweke sifuri. Sifuri kwa sifuri, mkate, mle, mcheze mpaka bandeji zifunguke. Na kipande cha kwanza apewe kipa wa jirani, maana namjua mtu wa namna yake, akialikwa atakuja.

Basi, kata simu ukajiandae. Na Aidah akikuuliza mlangoni kwa nini umechelewa wiki zote hizi, mjibu kweli: ulikuwa unafunga kamba ya kiatu.

Mama Praxeda