Nyumba Yetu Kwenye Televisheni

Kaka Shabani,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku unajiuliza Tatu kapatwa na nini hata aandike kwa mkono, na simu ipo. Simu ipo, lakini kwenye simu wewe ni bingwa wa kukwepa. Nikikuuliza la kaskazini unanijibu la kusini, kisha mtandao unakatika. Kwa hiyo barua hii nimemkabidhi Mwajuma, yule jirani yetu wa zamani anayefanya kazi mtaa wa pili huku, anakuja Tabora likizo. Wifi hajambo? Watoto hawajambo? Mimi hapa Maskati mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Yule bibi ninayemtunza nilishakueleza kwamba alizaliwa Tabora, akaletwa huku na wazazi wake akiwa kigori. Kiswahili chake bado ni cha kwetu kabisa. Miguu imemgomea, hatoki ndani, basi mjukuu wake kamwekea kwenye televisheni zile video za kupumzisha akili: milima, maporomoko ya maji, majumba ya kale, na muziki laini wa kinanda na filimbi. Hakuna anayesema neno. Kila siku akishakula mchana tunasafiri hivyo, yeye kitandani, mimi chini namkanda miguu. Kusema kweli nami nilizipenda. Nimeitembea dunia nzima bila kuvaa viatu.

Juzi tukapata ya njia ya misafara ya zamani. Tukaanzia Bagamoyo, tukakata Ugogo, mpaka Tabora. Bibi akapiga makofi. Kamera yenyewe ni ile inayoruka angani, basi tukaliona tembe la Kwihara na kuta zake nyekundu na mlango wake wa nakshi, tukaiona stesheni, tukaiona miembe ya barabarani. Nikamwambia, "Bibi, ikikata kushoto tu hapo, utaona kwetu."

Ikakata kushoto kweli.

Nyumba niliijua kwa yale mabati ya bluu mliyoezeka masika yalipoisha. Nikapiga kelele kama mwehu, "Kwetu hapo! Bibi, kwetu!" Ndipo nikaona turubai uani. Wanaume wamekaa mikekani mbele ya nyumba, kofia vichwani, na wewe uko mlangoni unapewa mikono. Nikasema, "Wana harusi hawa, wala hawajaniambia."

Bibi hakucheka. "Harusi gani, mwanangu, watu wameinamisha vichwa? Pale pana msiba."

"Labda wa jirani, Bibi."

"Msiba wa jirani unapokelewa mlangoni kwenu?"

Sijamjibu, akatokea mama mdogo uani. Wanawake wawili wamemshika huku na huku, naye anachechemea mguu wake ule wa kushoto. Mama mdogo huyohuyo, Kaka! Tangu mabati yaezekwe unaniambia Mama kaenda kupumzika kwa huyu mdogo wake Ipole, wako wote shambani kwenye mizinga ya nyuki, mtandao haushiki. Sasa mama mdogo yuko uani kwetu anashikwa asianguke, na Mama yuko Ipole na nani? Kamera haikusimama. Ikapanda juu ikaelekea Ujiji, na kinanda kikaendelea vilevile, taratibu.

Nimeirudia ile video mpaka macho yameniuma. Nilitega sikio, labda chini ya ule muziki nitasikia hata mtu mmoja akilia. Hakuna. Sauti zenu zote wameziondoa. Na watu wameandika pale chini wakisifu, eti mahali hapa pana utulivu ulioje.

Bibi ndiye aliyenisaidia. Akaamuru televisheni izimwe na mkeka utandikwe sebuleni, akabebwa na mjukuu wake akawekwa karibu yangu. "Kaa chini, msiba haukaliwi kitini," akaniambia. Tukakaa matanga wawili, yeye na mimi, tukamsomea Mama.

Sikulaumu sana. Kwetu mtu aliye mbali habebeshwi msiba peke yake, anafichwa mpaka afike penye mikono ya kumshika. Baba alipofariki wewe ulikuwa Urambo kwenye tumbaku, na Mama mwenyewe ndiye aliyekutumia ujumbe: baba yako anaumwa kidogo, njoo umwone. Ukaja na machungwa ya mgonjwa. Mpaka leo nakuona ulivyosimama mbele ya mikeka na ule mfuko, na hakuna aliyethubutu kuupokea. Lakini wewe ulifichwa safari ya siku moja tu, Kaka. Mimi mlitaka nifichwe mpaka mkataba uishe? Kila swala nimekuwa nikimwomba Mungu ampe Mama nafuu ya miguu. Nimemwombea marehemu apone! Hilo limeniuma kuliko lote.

Basi sasa niambie. Aliugua nini? Nani alimwosha? Amelazwa karibu na Baba? Aliniuliza? Kama hakuniuliza, sema. Na kama mlimdanganya kwamba niko njiani nakuja, sema pia, sitakasirika. Ila usinipigie simu. Andika, nikisoma nitakuwa na Bibi hapa pembeni.

Msalimie wifi, mwambie asikulaumu kwa sababu yangu. Watoto wabusu, wasiambiwe shangazi yao amelia. Mama mdogo mwambie nimemwona, na ule mguu aupumzishe, asirudi Ipole mapema. Salamu ya mtu mmoja nimezoea kuitoa mwisho, leo kalamu imeipita.

Mwajuma anao mfuko pia. Ndani mna ndara laini za Mama, za miguu iliyovimba. Nilizinunua kabla ya ile video. Nilitaka kuzitoa, mkono ukakataa. Mama mdogo azivae, miguu yao ilikuwa sawa.

Mwajuma naye hajui kitu, sikumwambia. Atafika hapo anacheka, atasimama mlangoni na mfuko mkononi, aulize Mama yuko wapi. Wewe unajua kusimama vile kulivyo, Kaka. Mpokee.

Mdogo wako,
Tatu