Chai ya Kijani Yenye Punje za Mchele

Zaliha, dada yangu,

Leo nimegombana na mwenye duka kwa sababu ya chai. Najua ungecheka. Ungesema tena lile neno lako, "Sitti, wewe hata malaika wa kaburini utabishana nao." Sasa wewe ndiye uliyetangulia kuonana nao, na mimi nimebaki hapa Moroni na ulimi wangu, hakuna wa kuniambia basi.

Nianze na mwanao, maana najua ndilo la kwanza unalotaka kusikia. Rukia hajambo. Amerefuka, gauni la Idi nililomshonea tayari linaonekana la kuazima. Shule anakwenda siku ambazo walimu hawajagoma. Anasema Kingazidja kama watoto wa hapa, na akiwa nje hamwambii mtu kwamba mama yake alikuwa wa kisiwa cha Ndzuani. Sikumfundisha mimi kuficha. Alijifunza mwenyewe, siku zile watu wa Ndzuani walipofukuzwa hapa.

La pili ni zito. Bi Moinaecha, mdogo wa marehemu mama yako, anamtaka. Tangu vyombo vya baharini vianze tena kwenda Ndzuani, ametuma maneno kutoka kwake Mirontsy, huko huko kisiwani, kwa mdomo wa wafanyabiashara. Anasema nyumba ya bibi yako pale Mutsamudu imefungwa tangu tulipokupoteza, na nyumba kwetu ni ya binti. Binti asipokaa ndani, watoto wa mjomba wako wataingia, na wakishaingia nani atawatoa? Nilijibu kwamba mtoto ana mitihani. Akatuma tena, nikajibu bahari imechafuka. Bahari ilikuwa imetulia kabisa, Zaliha, na yeye anaiona kutoka barazani kwake. Lakini ningesema nini? Uzazi sikujaliwa, mume nimezika, wewe umekwenda. Nikimtoa huyu nabaki na cherehani.

Basi, chai. Siku hizi madukani unachukua unachokikuta. Nilikwenda kwa Bwana Hamadi, karibu na soko la Volo Volo, nikitaka majani yetu ya kila siku. Hayakuwepo. Akanionyesha boksi la kijani aliloleta kutoka Dubai, limeandikwa maandishi kama nyayo za kuku, na picha ya mlima. Chai ya kijani, mpya, nzuri kwa tumbo, akasema. Huyu Hamadi kila asichoweza kukiuza ni kizuri kwa tumbo. Nikachukua.

Kufika nyumbani nafungua, ndani majani yamechanganyika na mchele! Punje kabisa, za hudhurungi, nyingine zimepasuka nyeupe. Nikasema hii ndiyo dunia tuliyofika. Wametia mchanga kwenye sukari tukanyamaza, sasa wanatia mchele mbovu kwenye chai. Nikachukua ungo, nikakaa kibarazani, nikapeta na kuchagua punje moja moja kama mtu anayesafisha mchele wa harusi. Punje nikaziweka kwenye kibakuli ziwe ushahidi. Majani nikayachemsha na mchaichai na sukari, nikayaacha yatokote vizuri kama tunavyofanya siku zote. Nikaonja. Maji ya kisamvu! Machungu, yanakwaruza koo. Nikabeba kibakuli changu mpaka dukani, nikamwaga punje mbele ya wateja.

Bwana Hamadi akaapa kwamba huko inakotoka inakuja hivyo hivyo, wanaikaanga na mchele. Nikamuuliza, wewe umeinywa? Hajainywa. Wateja wakacheka, wengine upande wangu, wengine upande wake. Nikazizoa punje zangu nikarudi nimekasirika, na njiani hasira ikaisha nikabaki na huzuni tu, ile inayokuja bila kuitwa. Nilikuwa nimezoea kurudi kutoka kwenye ugomvi nikusimulie wewe.

Rukia alikuwa ameshatoka shule. Akaokota punje kwenye kibakuli akaitafuna, mtoto huyu hutia kila kitu mdomoni. Akatafuna ya pili. Kisha hakuniuliza, akazirudisha zote kwenye majani yaliyobaki, akamimina maji ya moto, akafunika na kisahani. Alipofunua, Zaliha, nilishika mlango.

Ilikuwa harufu ya uani kwetu Majunga, kule Madagaska tulikokulia. Wali umeshapakuliwa, ukoko umeshika chini ya sufuria ya chuma, mama yako anamwagia maji anaurudisha motoni, na sisi wasichana wawili, majirani wa ua mmoja, tunangoja na vikombe vya bati. Maji ya ukoko, ranovola, rangi ya dhahabu iliyofifia. Na rangi ilikuwa ile ile. Nikanywa bila sukari. Kulikuwa na uchungu kidogo wa majani, halafu nyuma yake, taratibu, ukaja ule wali ulioungua. Nililia mbele ya mtoto. Niliona haya, lakini nililia.

Unakumbuka tulipoletwa hapa kutoka Majunga, wenzetu wameuawa kule, sisi tumeokoa nafsi tu, hatuna kitu? Mimi Mngazidja, wa asili ya kisiwa hiki, wewe wa Ndzuani, na watu wa visiwa vyote viwili wakatuona ni wamoja: watu wa Majunga. Walitucheka tulivyosema, na wakatucheka kwa kunywa maji ya kuoshea sufuria. Ukawaambia, "Nyinyi mnaosha, sisi tunakunywa, nani mjinga?" Ukaendelea kuyachemsha kila siku kwenye ua wetu huu, na ile sufuria ya mama yako, mpaka Ndzuani ilipojitenga na vijana wakaja kusimama mlangoni kusema watu wa Ndzuani warudi kwao.

Kwao! Mutsamudu uliijua kwa harusi na misiba tu. Hata vichochoro vyake ulikuwa unapotea. Rukia alikuwa kijijini Mvouni kwa dada yangu wa damu, yuko kitandani na homa, na wewe hukutaka kumtia mtoto mgonjwa kwenye chombo kilichojaa watu wanaotapika. Ukaniambia pale bandarini, "Kaa naye mpaka nitakapomwita." Tulidhani ni wiki chache. Kisha vyombo vikasimama, simu zikanyamaza, kisiwa kikafungwa, na dawa ya moyo wako ikawa haipatikani huko. Habari ya kifo chako ilinijia kwa mtu aliyepitia Mayotte, na ulikuwa umeshazikwa zamani. Tulikusomea hitima hapa uani, milango imefungwa, sauti chini, kama watu wanaoiba. Hilo bado linaniuma kuliko yote.

Tangu siku uliyopanda chombo sijachemsha maji ya ukoko. Nakwangua, nawapa kuku wa jirani. Sikuweza.

Rukia alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Akasema, "Hii ni ya mama." Kisha akauliza kama huko Mutsamudu nako wanakunywa.

Nikamwambia, "Kule hawaijui. Itabidi ukawafundishe wewe."

Nilisikia maneno yakitoka, na sikuweza kuyarudisha. Nilikuwa sijamwambia habari ya nyumba, wala ya Bi Moinaecha. Nikangoja ashangae, aulize kwa nini namfukuza, alie, anishike. Nilitaka anishike, Zaliha, sikufichi. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Lini?"

Kumbe alikuwa anajua. Wale wafanyabiashara wana midomo, na mtoto ana masikio. Amekuwa akingoja niseme mimi, asije akanivunja moyo. Usiku wa leo amelala na kitambaa chako cha kichwa, kile alichokuwa amekificha chini ya godoro, na mara hii amekifunga waziwazi.

Nitampeleka mwenyewe, baada ya Maulidi. Sitampa mtu amfikishe. Nitakuja kaburini kwako nikusomee Yasini kwa sauti, mchana, na atakayetaka kusikia asikie. Sufuria ya mama yako tutaibeba. Siku ya kwanza tutapika wali katika nyumba ya bibi yako, tutauacha ushike chini makusudi, Rukia atamwagia maji, na Bi Moinaecha atakunywa apende asipende. Nitakaa mpaka nimwone mtoto anafunga na kufungua mlango ule kama mwenyewe. Kisha nitarudi Moroni.

Boksi la Hamadi limebaki nusu, nimelifunga vizuri kwa ajili ya siku nitakapokuwa nimerudi peke yangu. Kesho nitampitia nimwombe radhi, na najua atanichukiza tena.

Lala, dada yangu. Mungu akupanulie nafasi huko uliko. Ulisema nikae naye mpaka utakapomwita. Nilikuwa najifanya sisikii. Leo nimesikia, namleta.

Wako,
Sitti