Mteremkoni Mtu Hutua kwa Ubavu

Jumanne, Ilemela. Upepo wa ziwani umeamka kabla yangu, na mguu wa kulia umeamka kabla ya upepo.

Mwangaluka, shajara, nakuamkia kwa Kisukuma. Andika hivi: kwenye kilima hiki chote, kuanzia mawe ya juu mpaka barabara ya lami, mimi peke yangu ndiye niliyeruka na parachuti mara arobaini na moja.

Haya, mara tatu.

Sawa. Mara moja.

Wewe huna macho ya kunitazama vibaya, kwa hiyo nitaendelea. Mara hiyo moja nilikuwa askari kijana, tulifanya maonyesho upande wa Magu mbele ya wakulima wa pamba. Tulitakiwa kutua uwanjani, lakini upepo ukanibeba ukanipeleka kwenye kilima. Mwalimu wetu alikuwa ametukaririsha somo hilo mpaka tunaliota. Ukijikuta juu ya mteremko usitazame mlimani, ardhi itakupiga uso. Usitazame bondeni, ardhi itakukimbia na wewe utaifukuza. Ukate mteremko, ubavu mmoja uelekee mlimani, miguu pamoja, magoti yalegee, ukigusa tu jiangushe upande wa juu. Basi. Hata mbuzi analijua hilo.

Mimi niliona umati kule bondeni, na mbele yao wasichana wawili wenye vitenge vya njano. Nikageuka. Nilitaka wanione uso.

Kifundo cha mguu kilivunjika kabla sijamaliza kutabasamu. Halafu parachuti ikajaa upepo upya, ikaniburuta kuelekea kwenye mawe. Rafiki yangu Masalu aliruka nyuma yangu, akatua kwenye mteremko huohuo kwa ubavu, akasimama kama mtu aliyeshuka kwenye baiskeli. Alikimbia, akaipita parachuti yangu, akailalia kwa tumbo mpaka ikaisha pumzi. Mawe yalikuwa hatua chache kutoka kichwani kwangu.

Huo ndio ukweli. Sasa sikia nilichowauzia watu.

Miaka mingi iliyopita Rashidi, fundi viatu wa pale barabarani, aliona soli yangu ya kulia imelika upande mmoja tu. Akauliza kisa. Nikamwambia nilikuwa na rafiki, Masalu, kijana mwenye sifa sana, alitua vibaya akitazama wasichana, nami nikakimbia kumwokoa ndipo nikavunjika. Kisa kikapendwa. Nikapewa kiti chenye mgongo pale kijiweni na jina la Mzee Parachuti. Ukishapewa kiti chenye mgongo, shajara, kusema kweli kunakuwa kugumu.

Juzi Jumapili Masalu akaja.

Siku hizi anaishi Sengerema. Alivuka kuja kutibiwa jicho, na kumbe binti yake Neema amepanga nyumba ya pili chini ya kwangu. Sikuwa na habari. Walinikuta kijiweni nimekaa kwenye kile kiti. Neema akatuamkia shikamoo wazee wote, akamtaja baba yake kwa jina, na Rashidi akaacha sindano hewani. Akasema, "Kumbe ndiye wewe uliyeokolewa! Mzee wangu, leo tusimulie mwenyewe."

Nikatazama kiatu changu.

Masalu ana bandeji kwenye jicho moja. Kwa lile lililobaki alinitazama kitambo, kisha akakaa kwenye benchi akasimulia. Alisema aligeuka kutazama bondeni ili aonekane. Alisema kifundo cha mguu wa mwokozi wake kilivunjika kwa sababu ya upumbavu wake yeye. Akaweka mpaka vitenge vya njano, ambavyo sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa yeye, siku nilipolazwa. Aliuchukua ujinga wangu akauvaa kama koti lake, na ulimkaa vizuri.

Watu walimcheka. Rashidi alimwambia kumbe sifa zilianza kumponza kabla ya mvi. Mzee wa watu akatabasamu tu.

Nilicheka kuliko wote.

Neema hakucheka. Nadhani anajua miguu ya baba yake ni mizima.

Masalu alipoinuka kuondoka alinishika bega, akaniinamia sikioni. Akasema, "Kuruta, bado unatua ukitazama bondeni."

Jana akapanda kivuko kurudi kwao. Nilijifungia ndani nikasingizia mguu. Neema alikuja kuniambia kwamba baba yake alisimama mlangoni pangu kidogo akaona kumefungwa.

Leo nimeamka na uchungu mdomoni kama niliyetafuna mwarobaini. Nikashuka kwa Rashidi. Kilima hiki nakishuka kiubavuubavu kama kaa, watoto wananicheka, na ndicho kitu pekee nilichojifunza jeshini. Nikamweleza yote, mbele ya watu, bila kukaa kwenye kiti.

Rashidi akaendelea kugonga misumari. "Mzee Parachuti, acha unyenyekevu. Mwenyewe si alisema?"

Wengine wakasema ndivyo walivyo mashujaa, hawapendi kusifiwa. Wamenipigia kiatu rangi bure. Nimerudi na kiatu kinang'aa, nimeshindwa hata kutema mate.

Masalu, ukurasa huu nitauchana nimpe Neema, akija huko kwako akusomee kwa sababu ya jicho lako. Kwa hiyo nakuandikia wewe, shajara itanisamehe.

Baada ya mguu wangu kuharibika niliwekwa chumba cha kukunja parachuti, nikawakunjia wengine miaka kumi na minne. Unaikumbuka desturi yetu. Aliyeruka akirudi salama, kabla ya kunywa hata maji, anakuja mezani kwa aliyemkunjia, anaweka kiganja juu ya meza na kusema, "Imefunguka." Nami najibu, "Najua." Na kumbe tangu ndege ipae nilikuwa nikihesabu dakika, kwa sababu sikujua chochote.

Hukukosa hata siku moja, ila ile ya mwisho. Lori lilikuchukua palepale uwanjani kukupeleka kambi nyingine. Nilikungoja mezani mpaka wakazima taa. Nilisikia kwa watu kwamba ulitua salama, lakini kusikia kwa watu siyo desturi.

Sikuombi urudi kusema kweli kijiweni. Uongo ule niliukunja mwenyewe, nitahangaika nao mwenyewe. Kesho nitashuka tena kwa Rashidi, na keshokutwa, mpaka wachoke kuniita shujaa.

Nakudai neno moja tu, la parachuti ile ya mwisho. Mwambie Neema apige simu, uliseme.

Mimi bado niko mezani.