Mguu wa Mjomba Chuma

Kwako dada yangu, uliyenilea kabla hujamaliza kulelewa mwenyewe,

Shikamoo dada. Pokea salamu zangu, nyingi za kujaza gunia, na ukiona zimezidi mgawie shemeji. Mgongo unasemaje msimu huu? Wajomba zangu wanasoma, au wanashindana kula tu? Mimi mwili uko salama. Sina homa wala kikohozi, chakula napewa na nakimaliza. Moyo ndio mgonjwa. Nakwambia mapema usije ukasoma nusu ya barua unacheka, halafu mbele ukajilaumu.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Mtu aliyeachana na shule darasa la sita, mkono umezoea spana, leo ameshika kalamu! Ningeweza kupiga simu, lakini tunajuana. Nikisikia sauti yako tu nitaanza mzaha, wewe utacheka, na salio litakwisha kabla sijasema nililopigia. Karatasi haicheki.

Ulisikia kwamba kanisa letu lilikuwa linapeleka watu wa kujitolea nchi ya pili, kwenye kambi ya michezo ya watoto. Aliyechaguliwa, yule kijana mwalimu wa mazoezi, aliugua. Mzee wa kanisa akauliza ni nani mwingine anayejua mpira. Mimi, fundi baiskeli, nilisimama kabla swali halijafika mwisho. Nikawaambia nilichezea timu kubwa enzi zangu, nikaachishwa na wivu wa watu, na kwamba shuti langu moja lilitoboa nyavu, likapita, likaua kuku wawili wa mlinzi wa uwanja. Kanisa lilicheka hadi mzee akagonga meza, ila jina langu likapita. Ndege nimepanda, dada. Rubani mwenyewe alitoka kule mbele akanipa mkono, akaniuliza kama mawingu ya leo yananiridhisha.

Basi. Rubani hakutoka. Futa hiyo. Nimeapa barua hii nitaiandika bila chumvi, na ona, hata ukurasa wa kwanza sijaumaliza.

Kambi iko kwenye shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Kuna viwanja viwili, bwalo la mabati, na mabweni yenye vitanda vya juu na chini. Kiswahili wanakisema kwa lafudhi yao, lakini tulielewana vizuri. Kazi yangu ilikuwa kujaza mipira upepo, kuziba iliyotoboka, kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa, kufua vizibao vya timu, na kupuliza filimbi pale waamuzi wenyewe walipochoka. Kazi za mikono nilizifanya vizuri, hilo hata mchungaji mkuu wa kambi atakuthibitishia. Hiyo si sifa, ni kweli.

Asubuhi watoto walisali na kuimba, mchana wakacheza, jioni ukawa wakati wa ushuhuda. Wana desturi yao pale. Mwenye ushuhuda hupanda juu ya kreti tupu la soda, lililogeuzwa kichwa chini mbele ya mabenchi, akaeleza Mungu amemtendea nini. Akishuka, timu yake humbeba juu juu na kumzungusha uwanja mzima wakiimba. Hakuna kikombe wala medali pale inayoshinda kubebwa kule. Mtoto anaweza kufunga magoli matano asiguswe bega, na mwingine akasema homa yake imepona, akapaa.

Jioni ya kwanza walitutaka watu wazima tuanze. Mchungaji alieleza alivyoacha pombe. Muuguzi wa kambi, mama mmoja mkavu asiyependa maneno, alisema anamshukuru Mungu kwa usingizi, akashuka. Kisha ikawa zamu yangu. Nilipopanda lile kreti likalia kwa kitambi changu, watoto wakacheka, na mimi nikichekwa unajua ninavyokuwa. Nikapandisha suruali nikawaonyesha kovu la mguu.

Kovu ni la kweli, wewe unalijua kuliko mimi. Maneno niliyolivisha ndiyo hayakuwa ya kweli. Nikawaambia nilivunjika mguu katikati ya fainali, mfupa ukatokeza nje kama mpini wa jembe, daktari akataka kuukata. Nikamkatalia. Nikasali palepale kwenye nyasi, sikumwita mtu, sikulia. Maumivu yakawaka moto, yakawaka, halafu ghafla yakazimika, mguu ukawa wa baridi kama umemwagiwa maji ya mtungi. Nikainuka nikafunga goli la ushindi.

Watoto walisimama juu ya mabenchi. Tangu jioni ile nikawa Mjomba Chuma. Kila siku wakanitaka nirudie, na kila nikirudia mguu ulivunjika vibaya zaidi.

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma, tulimwita Winga kwa sababu alicheza pembeni, mwembamba kama spoki na mwenye mdomo kama wako ulipokuwa mdogo. Aliniambia mbele ya wenzake kwamba mimi nikikimbilia mpira, kitambi kitaufikia kwanza, miguu itafuata kwa basi la jioni. Lakini akimaliza kunitania anakuja kukaa kando yangu, ananishikia pampu, ananiuliza maswali. Siku moja aliniuliza mtu anaupataje ushuhuda. Yeye hajawahi kuugua ugonjwa wa maana, baba yake hanywi, nyumbani hakuna vita. Atapanda kreti aseme nini? Nikamjibu kwa lugha ya wakubwa kwamba ushuhuda haununuliwi dukani, mtu hukutwa nao njiani. Nilijiona nimesema jambo la hekima.

Kwenye nusu fainali msichana mmoja mkubwa aliukosa mpira akampiga Winga teke la ugoko. Kishindo kilisikika hadi pale nilipokuwa na ndoo yangu ya chokaa. Akaanguka, akainuka, akatupungia mkono, akamaliza mchezo akichechemea. Jioni hakula sana. Mwenzake wa kitanda cha juu alisimulia baadaye kwamba mguu ulivimba ukakaza kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi, na kwamba alitaka kumwita muuguzi, Winga akamshika mkono akamsihi asithubutu. Akamwambia muuguzi atamzuia kucheza fainali, na tena ukiita mtu haihesabiki. Mjomba Chuma hakuita mtu. Akalala ameuma blanketi, anasali.

Siku iliyofuata alicheza fainali. Alicheza kipindi cha kwanza chote, dada. Kipindi cha pili alianguka pembeni peke yake bila kuguswa, na safari hii hakupunga mkono. Muuguzi alipokata soksi kwa mkasi, nilimwona yule mama mkavu akifunga macho.

Hospitali walimwingiza haraka. Daktari alieleza kwamba teke lilipasua mfupa bila kuutoa nje, damu na uvimbe vikajaa ndani ya nyama hadi mishipa ikabanwa, mguu ukakosa damu. Aliuliza kwa nini hakuletwa jioni ileile, maana jioni ile angepona akatembea. Alipoulizwa kama angeletwa asubuhi, alisema labda. Akarudia: labda. Waliukata chini ya goti.

Baba yake alikuja na nguo za kazi, zimetobolewa na cheche. Mchungaji alimweleza kwa upole kwamba mtoto aliwaficha watu wazima wote, hakuna aliyejua. Kisha mchungaji akatutazama sisi wa kujitolea tuliosimama pale ukutani. Mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Watoto wengine walirudi makwao. Mimi nilibaki kusaidia kufunga vitu. Ndipo mchungaji akaniita, akasema binti amezinduka vizuri, haongei na mtu, ila ameniulizia mimi. Aliniomba niende nikampe moyo, nimsimulie habari ya mguu wangu, ndiyo anayoipenda.

Nilikwenda. Wodi ina vitanda vinane, chake kiko dirishani. Baba alikuwa amekaa upande wa miguu, yaani upande ule shuka lilipokaa tambarare mapema kuliko inavyotakiwa. Winga hakunitania. Aliniuliza kwa sauti ndogo alikosea wapi. Alisema alisali kama nilivyosema, hakuita mtu, hakulia, na asubuhi ile mguu ulipoa kabisa kama wangu, sasa kwa nini wake umekatwa? Akasema atakuwa aliwaza goli kidogo katikati ya sala, na pengine ndiyo maana Mungu ameona imani yake ni ya uongo.

Dada, nimesema uongo maisha yangu yote na sikuwahi kuuona uso wake. Siku ile niliuona, umelala kwenye mto.

Sasa nakwambia lile ambalo mchungaji hakulijua aliponituma. Asubuhi ya fainali Winga alikuja kwangu stoo ya mipira. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Akanishika shati akanivuta, akaninong'oneza kwamba umepoa, Mjomba, umepoa kama ulivyosema, hauumi hata kidogo, leo jioni napanda kreti. Akanipa mguu niushike. Niliushika. Ulikuwa wa baridi kama chuma cha baiskeli alfajiri, vidole vimepauka rangi ya majivu, nikavibonyeza na hakusikia. Mimi si daktari, lakini mguu wa mtu nimeushika na mkono wangu ukajua. Muuguzi alikuwa pale bombani anaosha vikombe, ningeita tu kwa sauti ya kawaida angegeuka. Sikuita. Nilijua akija, ule mguu utakuwa ugonjwa, na maneno yangu yatakuwa maneno tu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, jambo nililotunga lilikuwa linataka kutokea. Nikalitaka litokee.

Kiatu kilikataa kuingia. Nikapiga magoti, nikalegeza kamba hadi tundu la mwisho, nikausukuma ule mguu ndani kwa mikono yangu miwili, nikamfungia. Akaniambia asante.

Yote hayo niliyasema pale kitandani, mbele ya baba yake. Nikamwambia Winga hakukosea popote, imani yake haina doa, mwongo ni mimi. Sikuwahi kucheza timu yoyote. Nikamweleza nilivyoanguka kwenye ukuta wa uwanja nikijaribu kuingia bila tiketi, chupa za juu ya ukuta zikanichana, mfupa ukavunjika. Nililia hadi watu wa ndani ya uwanja wakanisikia. Nikamwambia dada yangu alinikuta, akanibeba mgongoni hadi hospitali. Nikiwa njiani nilimwomba anishushe nife, akaniambia ninyamaze, mimi ni mzito vya kutosha bila kuongea. Nikafungwa plasta, nikapona kwa plasta.

Baba aliniuliza jambo moja tu, kama muuguzi alikuwa karibu. Nikasema alikuwa bombani. Akaniambia nitoke nje, na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anavyomwambia mwenzake afunge mlango, upepo unaingia.

Lakini kabla sijafika mlangoni Winga aliniita. Alikuwa anatabasamu kidogo, na tabasamu lile ndilo limenifanya nikuandikie. Alisema anajua ninamtungia hadithi nyingine ili asilie. Kama kweli kuna dada aliyenibeba, mbona siku zote zile, na mguu ule ulivyosimuliwa, sikumtaja hata mara moja?

Ni kweli, dada. Kwenye kreti lile nilimweka Mungu, daktari, mashabiki, hadi mbwa wa refa nilimweka jioni moja. Wewe sikukuweka.

Mchungaji amekasirika nami kwa kusema, kisha akakasirika kwa kutosema, sasa hajui akasirikie lipi. Baba wa mtoto amepeleka habari panapohusika, na nikiitwa nitakwenda. Nalala stoo, kati ya mipira. Hayo niachie mimi. Ninalokuomba ni moja. Yule mtoto anaamini Mungu amemkata mguu kwa sababu aliwaza goli. Mimi siwezi tena kumtoa hapo, kila nikifungua mdomo ni Mjomba Chuma anayeongea. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya muuguzi wa wodi, nimekwisha kumwomba, na baba mtu amekubali, ingawa hakuniangalia alipokubali. Mpigie Winga. Mweleze habari ya ukuta, na nilivyolia, na namna mgongo wako ulivyoharibika tangu siku ile. Mwambie kwamba uliita watu njia nzima. Usinifunike, dada. Maisha yote umenifunika, mara hii nifunue.

Nimekuandikia badala ya kupiga ili ukasirike kwanza, umalize, ndipo upige. Ukipiga ukiwa na hasira atadhani ni yeye uliyemkasirikia.

Nisalimie shemeji, umwambie ile pampu yake niliyosema iliibiwa iko chini ya kitanda changu. Wabusu watoto. Wakiuliza mjomba yuko wapi, waambie yuko nje ya nchi, na msiongeze neno. Mwombee yule binti kabla hujaniombea mimi. Mgongo ukikuuma mvua ikinyesha, najua sasa ni uzito wa nani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniita Redio tangu utotoni,
na uliyenibeba.